Oili Ivujayo Katika Gari la Kujiundia

Mtu aliyeunda gari kwa mikono yake mwenyewe, akakata mabomba ya mraba na kuyachomelea hata yakawa fremu, akatafuta injini kwa wauza vyuma na gia boksi kwa mtu mwingine, akaunga hiki na kile mpaka siku moja chombo kikanguruma na kuondoka mahali kilipokuwa, ana haki ya kufurahi. Lakini asubuhi ya pili, aendapo kulitazama gari lake, aghalabu hukuta chini yake doa jeusi la ukubwa wa kisahani, na furaha ile huingiwa na wasiwasi. Kwa ajili ya mtu huyo nayaandika makala haya, na nitakalomwambia ni jambo moja, ambalo mengine yote yanalifuata: oili haivuji pale inapodondokea, na katika gari la kujiundia mtuhumiwa wa kwanza si sili wala gasketi, bali ni lile jambo ambalo mwundaji mwenyewe amelizidisha, amelipunguza au amelihamisha.

Desturi ya kuunda gari nyumbani si ngeni duniani. Katika Uingereza, Lotus Seven aliyoibuni Colin Chapman na kuitoa mwaka 1957 iliuzwa kwa watu wengi ikiwa vipande vipande, mnunuzi akaviunga mwenyewe, kwa sababu gari lililouzwa kwa namna hiyo halikutozwa ile kodi iliyotozwa gari kamili. Na wanaoiga umbo lake hata leo hutia ndani injini za Ford, za Toyota na za wengineo, kadiri kila mmoja apatavyo. Kwetu sisi injini iliyozoeleka na kupatikana kwa wepesi ni ya ukoo wa Toyota K: 4K ya sentimita za ujazo 1290, iliyokuwa katika Corolla, au 5K ya sentimita za ujazo 1486, iliyokuwa katika vigari vya LiteAce. Ni injini isiyo na mambo mengi, kemu shafti yake imo ndani ya bloki na vali zake zinasukumwa kwa fimbo, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Basi hiyo ndiyo nitakayoitolea mifano, ingawa mwenye injini ya namna nyingine atayaona mambo yake humu pia.

Gari langu la kwanza lilikuwa na 4K iliyotoka katika Corolla iliyogongwa. Lilipotimiza majuma matatu barabarani, oili ilianza kudondoka katika tundu la chini la beli hauzingi, yaani lile sanduku linalofunika klachi, na kila aliyetazama, nami nikiwa mmoja wao, alitoa hukumu ile ile, kwamba sili ya nyuma ya krenki shafti imekufa. Tukashusha gia boksi, tukatoa klachi na fraiwili, tukatia sili mpya. Baada ya siku tisa oili ikarudi. Tukadhani kuwa sili ile ilikuwa bandia, tukanunua nyingine ya bei kubwa, tukashusha gia boksi mara ya pili. Oili ikarudi tena. Ndipo fundi mmoja mzee, aliyekuja kwa haja nyingine kabisa, akaomba injini iwashwe, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaweka kiganja chake juu ya tundu, na baada ya kitambo kidogo akaniita niweke changu. Nilihisi pumzi ya moto ikikisukuma kiganja kama mtu anayetaka kutoka chumbani na mlango umefungwa. Mzee akauliza bomba la pumzi la injini liko wapi. Nilikuwa nimeliziba kwa bolti siku nilipobadili sanduku la chujio la hewa, kwa kuwa halikuwa na mahali pa kuungwa tena, na kwa kuwa sikujua kazi yake. Tuliiondoa bolti ile, na sili ya pili, ambayo nilikuwa nimekwisha kuilaani, ikakaa miaka mingi bila kutoa tone. Kazi ya siku nne chini ya gari, na fedha za sili mbili, zilipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza kabla ya kushika spana.

Basi jambo la kwanza ni kujua kama kuna haraka. Kwa makadirio, matone ishirini ya oili hufanya mililita moja. Tone moja kila baada ya sekunde kumi ni matone 360 kwa saa, yaani mililita kumi na nane, na injini ya 4K hubeba oili ya lita tatu na nusu hivi. Mvujo wa kadiri hiyo utakugharimu lita moja kwa muda wa saa hamsini na tano za mwendo: ni aibu na ni hasara, lakini si msiba wa leo, na mwenye kupima oili kila asubuhi ana wasaa wa kutafiti kwa utulivu. Pana hali tatu, walakini, ambazo haziruhusu gari kuondoka. Ya kwanza ni oili inayotiririka kama uzi badala ya kudondoka, maana hiyo inatoka mahali penye msukumo wa pampu, na injini yaweza kukaukiwa kabla hujafika njia panda. Ya pili ni oili inayoangukia bomba la ekzosi, kwa kuwa bomba hilo likiwa na moto mkali huweza kuiwasha, na gari la kujiundia aghalabu halina karatasi ya bati ya kuzuia moto kati ya injini na miguu ya dereva. Ya tatu ni oili inayofika kwenye breki au matairi. Katika hali hizi zima injini, wala usijadiliane na nafsi yako.

Kisha hakikisha kuwa kinachovuja ni oili ya injini. Tandaza katoni jeupe au magazeti safi chini ya gari jioni, likiwa mahali tambarare, utie alama kwenye katoni mahali magurudumu ya mbele yalipo, na asubuhi usome. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, na ukiisugua kati ya vidole huteleza bila kunata. Oili ya gia boksi na ya difu ni nzito zaidi, na ina harufu ya kiberiti ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau. Tofauti hii ni ya thamani kubwa kwa anayeona tone chini ya beli hauzingi, maana sili ya mbele ya gia boksi na sili ya nyuma ya injini zinaangaliana ndani ya sanduku moja, na pua ndiyo inayowatenganisha watuhumiwa hao wawili. Mafuta ya breki ni mepesi, huondoka kwa maji, na hubabua rangi. Maji ya rejeta yenye dawa yana utamu wa harufu na rangi ya kijani au nyekundu. Usionje chochote, dawa ile ni sumu.

Ukishajua kuwa ni oili ya injini, osha. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa subira, na hapa ndipo kazi yote inapopatikana au kupotea. Injini iliyovuja kwa miezi mitatu imevaa tope la oili na vumbi kuanzia juu hadi chini, na hakuna jicho liwezalo kusoma mahali mvujo ulipoanzia katika tope lile, kama vile hakuna kadhi awezaye kuamua kesi ambayo mashahidi wote wanasema kwa pamoja. Ngoja injini ipoe kabisa. Funika kabureta, distribyuta na koili kwa mifuko ya plastiki. Tumia mafuta taa na brashi ngumu, au sabuni ya kuondolea grisi, na kamwe usitumie petroli, ambayo mvuke wake hutambaa chini mpaka ukakutana na cheche. Sugua, suuza, kausha kwa kitambaa, na pale vidole visipofika kausha kwa upepo wa kompresa. Oshea mahali ambapo maji yale machafu hayatakwenda kisimani wala mferejini. Kazi hii huchukua nusu ya siku, nami sijaona nusu ya siku iliyolipa zaidi.

Injini ikiwa safi na kavu, puliza unga wa talki, ule wa watoto wachanga, juu ya maungio yote unayoyatilia shaka: ukingo wa tapeti kava (kifuniko cha vali), kava ya taimingi cheni, mzunguko wa sampu (bakuli la oili), pampu ya petroli, kitako cha distribyuta, filta na swichi ya oili. Unga hushika ukuta wa injini na kuwa mweupe, na oili inapotoka huuchora mstari wa kahawia ulio dhahiri. Washa injini, iache ipate moto ikiwa imesimama, utazame. Kisha endesha dakika kumi tu, urudi, uzime, utazame tena kwa tochi na kioo kidogo cha mkono. Anayeendesha saa nzima kabla ya kutazama huharibu ushahidi wake mwenyewe, maana oili itakuwa imekwisha kutapakaa. Siku hizi kuna rangi maalumu ya kutia ndani ya oili, ambayo usiku ukiimulika kwa taa ya urujuanimno hung'aa kama macho ya paka. Ni chombo kizuri kwa mwenye uwezo nacho, lakini talki imenitosha.

Unapotazama, tafuta mahali palipolowa palipo juu kuliko pote na mbele kuliko pote. Oili hushuka kwa uzito wake na hurudi nyuma kwa upepo wa feni na wa mwendo, kwa hiyo chanzo kipo juu na mbele ya doa, si chini yake. Katika gari la kiwandani, lenye boneti na mabati ya chini, mtu hujua upepo unakokwenda. Katika gari lililo wazi ubavuni, kama yalivyo mengi ya kujiundia, upepo huzunguka injini namna usiyoitazamia, nami nimewahi kuona oili ya swichi iliyoko ubavuni mwa bloki ikipeperushwa hadi ukuta unaotenga injini na dereva na kushuka juu ya gia boksi, ikamdanganya kila mtu. Kona ya nyuma ya tapeti kava ni mwongo mkubwa kuliko wote: ikivuja, oili hushuka nyuma ya bloki, huingia katika ufa wa beli hauzingi, na kutokea tundu la chini mfano wa sili iliyokufa. Kabla hujashusha gia boksi, pitisha kidole nyuma ya kava ile; kidole kikirudi na oili, umejiokolea siku mbili.

Angalia pia wakati wa kuvuja. Inayovuja gari likiwa limelala, injini haizunguki, ni ile iliyo chini ya usawa wa oili: bolti ya kumwagia, gasketi ya sampu, mshono wa kulehemu. Inayovuja mara tu injini inapowaka ni ile iliyo kwenye njia ya msukumo: filta, swichi, bomba la geji. Na ile isiyovuja nyumbani kabisa, bali hutokea baada ya safari ndefu ya mwendo mkali, kisha ikaonekana kutoka mahali pengi kwa pamoja, hiyo ni ya pumzi, na sharti niieleze kwa kirefu.

Pistoni hazizibi kabisa. Hata katika injini mpya, kila mara petroli inapolipuka sehemu ndogo ya gesi hupenya ringi na kushuka ndani ya bloki, na gesi hiyo ni lazima itoke. Waundaji wa injini waliiwekea njia: bomba linalotoka kwenye tapeti kava au ubavuni mwa bloki na kwenda katika sanduku la chujio la hewa au, kupitia vali ndogo, katika manifoldi, ili gesi ivutwe na kuchomwa upya. Mwundaji wa nyumbani anapotupa sanduku la asili na kutia chujio dogo la kuvutia macho, au anapobadili kabureta, bomba lile hubaki yatima, naye huliziba, au huliunga kwa mpira mwembamba wa petroli, au hulipinda mpaka likakunjika. Gesi isipopata mlango wake hujifanyia mlango, ikisukuma oili mbele yake katika kila sili na kila gasketi, dhaifu na thabiti, na mwenye gari hubadili sili moja baada ya nyingine akistaajabu kwamba injini nzima imezeeka kwa mwezi mmoja.

Jaribio la yule mzee ni jepesi, nalo lifanywe kabla ya kununua kifaa chochote. Injini ikiwa na moto na ikizunguka polepole, ondoa kifuniko cha kujazia oili, weka juu ya tundu mfuko mwepesi wa plastiki. Mfuko ukivutwa kidogo ndani, au ukitikisika tu, pumzi ni njema. Ukiinuka na kujaa kama tanga, basi ama njia imezibwa, ama ringi zimekwisha. Fungua njia kwanza, urudie. Mfuko ukizidi kujaa ilhali njia ni wazi, pima komprasheni ya kila silinda injini ikiwa na moto na plagi zote zikiwa nje. Moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mimina kijiko cha oili katika silinda hiyo upime tena, na komprasheni ikipanda, ringi ndizo zenye taksiri, na hakuna sili duniani itakayokusaidia mpaka injini ifunguliwe.

Bomba la pumzi la kutengeneza mwenyewe liwe la mpira unaostahimili oili, tundu lake lisipungue milimita kumi na sita, lipande juu moja kwa moja kutoka injini ili oili iliyochukuliwa na mvuke irejee kwa uzito wake, wala lisiwe na tumbo mahali popote, maana tumbo hukusanya maji na oili na kuwa kizibo. Kutoka hapo liingie katika kikopo chenye nyuzi za chuma ndani, za kuutenga mvuke na oili, na kutoka kikopo liende katika chujio la hewa. Kikopo kimwagwe mara kwa mara. Nimeona vikopo vya maziwa vilivyofanya kazi hii kwa uaminifu.

Baada ya pumzi, mlalo. Katika Corolla injini ililazwa kwa pembe waliyoichagua walioibuni, na sampu, dipstiki na chujio la ndani vyote vilipimwa kwa pembe hiyo. Anayeitia katika fremu yake, akainua pua ili feni ipishe bomba fulani, hupeleka oili yote nyuma: sili ya nyuma sasa inaoga badala ya kulowa, na dipstiki inasema uongo. Naye, akiona dipstiki inaonyesha upungufu, huongeza oili, mpaka krenki shafti inaanza kuichapa na kuitia povu, na povu lile hutoka katika kila upenyo. Dawa yake ni kupima upya. Simamisha gari mahali tambarare, mwaga oili yote, badili filta, tia kipimo kamili alichoandika mtengenezaji, washa kidogo filta ijae, zima, ngoja dakika kumi, kisha tia mkwaruzo mpya kwenye dipstiki mahali oili ilipofika. Mkwaruzo huo ndio sheria ya gari lako, si ule wa kiwandani.

Sampu iliyokatwa na kuchomelewa ili fremu ikae chini ni chanzo kingine nisichokiamini hata siku moja bila kukijaribu. Kulehemu kunakopendeza kwa macho huwa na vitundu vidogo vinavyopitisha oili ya moto na kuzuia maji baridi, kwa hiyo kujaza maji hakutoshi. Paka chokaa nyepesi upande wa nje wa mishono yote, iache ikauke iwe nyeupe, kisha mimina mafuta taa ndani na uiache sampu usiku kucha. Palipo na kitundu patatokea doa la kijivu juu ya chokaa. Pasagwe, pachomelewe upya, ujaribu tena. Bolti ya kumwagia oili iwe na wosha ya shaba laini; wosha iliyokwisha kutumika huwa ngumu, lakini ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza majini huurudia ulaini wake, ukaitumia tena.

Geji ya oili humponza mwundaji kwa jambo asiloliona kwa macho. Tundu la swichi ya oili katika injini za Toyota, ambamo geji huungwa, lina nyuzi za kipimo cha Kiingereza, nyuzi 28 kwa inchi, na geji nyingi zinazouzwa madukani zina kiungo cha kipimo cha Kimarekani, nyuzi 27 kwa inchi. Viwili hivyo hufanana kama ndugu. Kiungo huingia mizunguko miwili au mitatu kwa wepesi, kisha hukaza, na mtu hudhani kimefika. Kumbe kinakata nyuzi za bloki, na kinavuja, na akikilazimisha zaidi bloki hupasuka. Hesabu nyuzi kabla ya kutia, na zisipolingana nunua kiungo cha katikati. Bomba la geji likiwa la plastiki lisipite karibu na ekzosi; likiwa la shaba lizungushwe mviringo mmoja au miwili kabla ya kufika kwenye geji, ili mtikisiko wa injini usilikate. Na swichi ya asili yenyewe huvuja kupitia kitovu chake: chomoa waya, na ukikuta oili ndani ya kishikio chake, itupe swichi.

Kuhusu filta nitasema neno moja tu, ambalo halina budi kusemwa. Filta ya zamani inapotoka, ringi yake ya mpira huweza kubaki imegandamana na bloki. Mpya ikifungwa juu yake, ringi mbili zikapandana, injini ikipata kasi hutema oili yote nje kwa dakika chache. Pitisha kidole kila mara. Paka ringi mpya oili, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, pasipo spana.

Gasketi za tapeti kava na sampu huuawa na kukazwa kupita kiasi kuliko zinavyouawa na uzee. Kava ni bati jembamba, na mtu anapoona unyevu hukaza, bati hujipinda kuzunguka bolti na kuinuka katikati ya bolti na bolti, unyevu huzidi, naye hukaza tena. Itoe, ilaze ukingo wake juu ya kioo kinene au meza ya mawe, utazame mwanga unapopenya, kisha ugonge taratibu vilima vyake juu ya gogo mpaka ukingo ulale sawasawa. Safisha pande zote mbili mpaka chuma kitupu, ufute kwa thina, na funga kwa spana fupi, ukianzia bolti za kati na kwenda nje kwa mpishano, kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu. Silikoni itiwe kwenye kona tu, pale gasketi mbili zinapokutana, na iwe tone la ukubwa wa punje ya mchele. Silikoni inayotapakaa nje ndiyo unayoiona. Inayotapakaa ndani hukatika, huelea katika oili, na hukwama kwenye wavu wa pampu, nami nimeshuhudia injini njema ikifa beringi zake kwa sababu ya mtu aliyetaka kuwa na hakika zaidi.

Ikiwa umeosha, umetazama, umepima pumzi na mlalo, na kidole cha nyuma ya tapeti kava kimerudi kikavu, na bado oili isiyo na harufu ya kiberiti inatoka chini ya beli hauzingi, basi sasa shusha gia boksi. Umeistahiki kazi hiyo. Ukifika, usitazame sili peke yake. Tazama kizibo cha mwisho wa kemu shafti, kilicho juu kidogo nyuma ya fraiwili, ambacho huvuja kwa kujificha. Tazama shingo ya krenki shafti mahali sili inapokaa: ukucha ukinasa katika mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, usiisukume sili mpya mpaka mwisho, bali iache nje kwa milimita moja au mbili, ili ulimi wake upande juu ya chuma kizima. Upande wenye springi uelekee kwenye oili, ulimi upakwe oili, na sili iingizwe kwa kugongwa sawasawa juu ya bomba la upana wake, isigongwe pembe moja moja. Na ikiwa gia boksi si ya injini hiyo, vikaunganishwa kwa bamba ulilolichonga mwenyewe, pima kwa saa ya kupimia kama tundu la beli hauzingi na krenki shafti vina kitovu kimoja; vikitofautiana kupita kipimo kinachoruhusiwa, shafti ya gia boksi itazunguka kwa kuyumba, ikila beringi yake na sili yake, na miezi sita baadaye utakuwa chini ya gari tena.

Ndugu msomaji, unapokuwa huko chini, gari liwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana, si juu ya jeki peke yake wala juu ya matofali, ambayo hupasuka bila kuonya. Oili iliyotumika ina madhara kwa ngozi. Vaa glavu, unawe kwa sabuni. Na ile uliyoimwaga itie katika dumu uwapelekee wanaoikusanya, usiimimine ardhini.

Kuhusu zile dawa za chupa zinazosemekana kuziba mvujo, hukumu yangu ni kwamba zisitumiwe. Nyingi huulainisha mpira wa sili ukavimba, nazo huweza kukuchelewesha kwa mwezi mmoja au miwili, kisha mpira ule ule ukawa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Wala usibadili oili kuwa nzito kuliko ilivyoamriwa kwa nia ya kuizuia isitoke. 20W-50 ni oili ifaayo injini kuukuu katika joto letu, lakini inayozidi hapo huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi injini ikiwa baridi, na beringi ni ghali kuliko gasketi.

Kazi ikiisha, osha tena, tandaza katoni jipya, uandike tarehe na kilomita juu yake. Unyevu mwembamba kwenye ungio, usiokusanyika kuwa tone, si mvujo, na injini iliyoundwa zamani haidaiwi ukavu wa sahani. Katoni likilala usiku wa tatu bila doa, rudisha spana kisandukuni, wala usiiguse tena bolti yoyote.